Bi Zuweina na Zimwi la Mpakani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Na wewe unayemfinya mwenzio, acha, nakuona.

Hapo kale, Uarabuni, palikuwa na masultani wawili majirani. Sultani Ghalibu alikuwa na bandari. Sultani Mundhiri alikuwa na mji wa ndani, nyuma ya majabali. Mizigo ikishuka kwa Ghalibu kwenda kwa Mundhiri, ugomvi.

"Ushuru wangu, imeshukia kwangu!" alifoka Ghalibu.

"Ushuru wangu, inakuja kwangu!" alifoka Mundhiri.

Wakafokeana pale mpakani hata jabali likapasuka, likatoka zimwi. Kila wakigombana, zimwi linanenepa. Likakaa njiani, likawa linameza kila mzigo unaopita.

Basi njaa ikaingia mjini kwa Mundhiri. Bi Zuweina, mwenye misafara, alikuwa bandarini na ngamia waliobeba mchele, na wanawe wako mjini wanalala na njaa. Mwanamke yule, jamani! Alijifunga kibwebwe, akaswaga ngamia mpaka mpakani.

"Ushuru!" likanguruma zimwi. "Ushuru! Ushuru!"

"Ngoja kwanza, nina wageni."

"Wageni? Vizuri, nitawala na wao!"

Bi Zuweina akapiga hema palepale, akakoka moto, akatuma watu wawaalike masultani kahawa. Na kwao kule, kukataa kahawa ya mtu ni kumtukana.

Wakafika wote wawili kwa siku moja. Ghalibu kumwona mwenzake tu, akaweka kikombe chini.

"Sinywi mpaka nipewe ushuru wangu!"

Kwao mgeni akiweka kikombe chini ana haja, na ni aibu asipopewa. Mundhiri naye akaweka chake.

"Sinywi mpaka nipewe ushuru wangu!"

Zimwi likavimba, likaziba jua. Bi Zuweina aliogopa, asiogope ana nini? Lakini aliwakumbuka wanawe.

"Mabwana zangu," akasema, "mgeni akiweka kikombe chini, anamwomba nani?"

"Mwenye hema."

"Na hema hili la nani?"

La Bi Zuweina mwenyewe! Masultani wazima, wamejinasa wenyewe!

"Basi haja zenu nimewapa. Maulana Ghalibu, kinachouzwa bandarini kwako, ushuru wako. Maulana Mundhiri, kinachouzwa sokoni kwako, ushuru wako. Kinachopita njia tu, kipite. Haya, kunyweni."

Upewe haja yako, halafu usinywe? Thubutu! Ghalibu akanywa, zimwi likasinyaa. Mundhiri akanywa, likasinyaa. Wakapeana mkono, likasinyaa likawa kama mjusi, likakimbilia kwenye ufa wa jabali.

Mundhiri akasimama, akashika dele kwa mkono wake, sultani mzima, akammiminia Bi Zuweina kahawa.

"Nina majeshi, Bi Zuweina, na hili lilinishinda."

"Ahsante, Maulana. Nitakunywa nikirudi. Wanangu hawajala."

Akaondoka na ngamia wake. Jioni ile wanawe walikula wali wakashiba, na majirani wakashiba.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami nimechoka. Wakubwa wakigombea ushuru, wanaokosa chakula ni watoto. Mkiwa wakubwa, msisahau.