Mayai ya Kuchi Yaliyotolewa Kiotani

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba palikuwa na mcha Mungu mmoja wa pwani, Mzee Bwanakombo, aliyefuga kuku wa kuchi, wale warefu wenye macho makali. Maradhi ya kideri yakaingia mjini, yakafagia mabanda. Akabakiwa na jike mmoja, naye amekaribia kukoma kutaga. Alizunguka vijiji akitafuta jogoo wa asili safi, akaonyeshwa machotara tu. Kila alfajiri akiomba, "Yaa Rabbi, mbegu hii isiishie mikononi mwangu."

Siku moja akakuta jogoo wa kuchi uani kwake, safi, hana dosari! Mkewe, Bi Mwanamkuu, akapiga vigelegele.

"Dua imejibiwa, mume wangu!"

"Taratibu. Huyu ana mwenyewe." Akamfunika tenga, akaenda kumtangaza msikitini.

Siku zikapita, kimya. Bi Mwanamkuu uvumilivu ukamshinda. Mumewe alipokwenda kuswali, alifunua tenga, akamwachia jogoo kwa jike. Jike akataga, akaatamia.

Hapo ndipo habari ikaja: jogoo ni wa Bwana Msellem wa kitongoji cha pili. Ameweka nadhiri kumchinja, kushukuru kupona kwa bintiye, na wageni wameshafika. Bi Mwanamkuu akaangua kilio, akasema yote.

Mzee Bwanakombo alikwenda bandani. Akaingiza mkono chini ya jike, akadonolewa hadi damu, akayatoa mayai, akayafunga kitambaani na kuyabana tumboni ndani ya kanzu, jogoo akamshika kwapani.

"Yakipoa je? Ndiyo mwisho wa kuchi wetu!"

"Yakipoa ni amri ya Mungu. Lakini yasitoke vifaranga vya wizi."

Kwa Msellem kisu kilikuwa tayari. Jogoo akachinjwa kwa Bismillahi, na mzee wa watu machozi yakamtoka. Kisha akafungua kitambaa.

Msellem akawaka. "Umemtumia jogoo wa nadhiri yangu bila idhini?"

"Ametumika nyumbani kwangu. Mayai haya hapa, ni yako." Mkewe hakumtaja.

Mayai yanapoa! Kadhi, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akagusa moja.

"Bado lina joto. Msellem, nadhiri yako ilikuwa jogoo, umeitimiza. Hilo la idhini msamehe. Ama yai, katika sheria ni la mwenye jike."

Msellem akashusha mabega. "Nimekusamehe. Lakini ungenyamaza, mzee wangu, nisingejua kamwe kwamba yalikuwepo."

"Nami nisingejua kamwe kwamba ni yangu."

"Kimbia basi! Kimbia yasipoe!"

Akakimbia, pindo la kanzu mkononi, na umri ule. Jike akayapokea. Vikatoka vifaranga, na jogoo mmoja miongoni mwao.

Ndugu zangu, mayai aliyoondoka nayo ndiyo aliyorudi nayo, hata moja halikuongezeka. Lakini aliondoka akiwa na shaka, akarudi na halali yake. Wangapi kati yetu tunakula chetu kwa hofu kama wezi, kwa sababu tu tuliogopa kuuliza? Allah atujaalie ujasiri wa mzee yule.