Mkeka Mmoja wa Bondeni

"Mheshimiwa, ule ufa wa bwawa mmeuziba? Tuhame, au tukae?"

Swali hilo liliulizwa redioni saa nne na dakika tano asubuhi. Halikujibiwa, kwa sababu aliyeulizwa alikuwa kiti.

Hapo zamani, tena zamani yenyewe si ya mbali, palikuwa na mji mdogo chini ya bwawa, na mji huo ulikuwa na redio moja. Redio hiyo ilikuwa na desturi: mgeni mkubwa akichelewa, mtangazaji husema, "Mheshimiwa yuko njiani," hata kama Mheshimiwa bado amejifunika shuka. Wasikilizaji walishazoea. Wakiambiwa yuko njiani, wanangoja.

Mvua ikanyesha siku nne. Ukuta wa bwawa ukaingia ufa. Watu wa Bondeni, mtaa wa chini kabisa, wakauliza: tuhame? Mbunge wao, Mheshimiwa Lugendo, akatuma neno: "Alhamisi saa nne nitakuja redioni nieleze yote." Tunu, mwandaaji wa kipindi, akaitangaza ahadi hiyo asubuhi na jioni: "Msiwe mbali na redio." Basi Bondeni wakafunga mizigo, wakaketi juu ya mizigo, redio katikati.

Saa nne ikafika. Kiti kitupu. Msaidizi wa Mheshimiwa akapiga simu: "Semeni yuko njiani."

"Njia ipi?" akauliza Sikudhani, mtangazaji. Simu ikakatwa.

Sikudhani akafungua maikrofoni. "Mgeni wetu hajafika. Aliko sijui. Nitamsomea maswali yenu, na kila swali nitampa dakika moja ya kujibu."

Akasoma la Bi Mkasi wa Bondeni, lile la ufa. Dakika nzima, kimya. Akasoma la pili. Kimya. Akasoma la tatu. Kimya.

Huko Bondeni Bi Mkasi akamgeukia mumewe. "Baba Siwema, kimya hiki sikipendi."

"Tulia, mama. Yuko njiani."

"Nani kasema?"

Mume akaitazama redio. Kweli, leo hakuna aliyesema.

Tunu hakuweza kukaa. Akapanda bodaboda hadi kwa Mheshimiwa, mlimani, akapiga simu studio, na sauti yake ikaenda hewani moja kwa moja: "Nipo getini. Gari lake lipo. Barazani kuna godoro limefungwa kamba, na juu ya godoro ameketi mama yake mzazi, yule wa Bondeni, anakunywa chai. Mlinzi anakuja, jamani, ana rungu..." Simu ikazima.

Huko Bondeni wengine wakainuka: kumbe mama yake kamhamisha! Wengine wakabisha: "Mama kumtembelea mwanawe nayo ni habari?"

Akabaki Mbaruku, fundi mitambo. Kanuni ya redio ilimkataza fundi kusema hewani, na shangazi yake alikuwa Bondeni. Hakusema. Alibonyeza kitufe kimoja, ukalia mlio wa matangazo ya vifo. Mlio ule wote waliujua: hulia saa saba mchana na saa mbili usiku, basi. Ukilia saa nne na nusu, nani atabaki ndani? Watu wakatoka kuulizana aliyekufa, na walipotoka, ndipo wakasikia bwawa likinguruma. Wakakimbia kupanda, watoto mgongoni.

Saa tano kasorobo ukuta ukaanguka. Mtaa ukaenda. Watu wakabaki.

Ila Bi Kibibi, ambaye mwanawe alikuwa safarini, aliposikia mlio alijua ni wa mwanawe. Akaanguka palepale, wakambeba. Mdomo wake umepinda hadi leo, na mwanawe yu hai.

Maji yalipopungua Bondeni wakasuka mkeka mmoja wa ukindu, wa kumkalisha mbele yao kwa heshima mtu mmoja, yule aliyewaokoa. Mkeka ukikatwa vipande vitatu, si mkeka tena.

Sikudhani akasema: "Ningesema yuko njiani, mngekuwa mmekaa hadi sasa, chini ya tope. Nilikataa uongo."

Tunu akamjibu: "Na ukakisomea kiti maswali, watu wanangoja kufa. Godoro nililiona mimi. Rungu lilinipata mimi, angalia bega."

"Na aliyewaambia wasiwe mbali na redio?" Mbaruku akauliza. "Nyie mlisema maneno, watu wakabishana. Mimi niliwatoa nje."

"Kwa uongo," akasema Sikudhani. "Kamwambie Bi Kibibi."



Na Mheshimiwa? Huyo msimtie kwenye mzani. Alikuja jioni na mabuti mapya kutoa pole, akauliza kama redio ina nafasi ya kumhoji.

Basi mkeka umekunjwa kwa Bi Mkasi mpaka leo, haujakaliwa. Mmoja alisema kweli na hakuwaonya. Mmoja aliifuata kweli baada ya kuwafunga kwa ahadi ya mtu mwingine. Mmoja aliwaokoa kwa mlio wa uongo. Na wingu limeanza tena kukusanyika juu ya mlima, na studio ile ina kiti kilekile.

Je, nani alistahili mkeka? Naomba unijibu wewe uliyenisikiliza, tena leo, kabla mvua haijanyesha.