Nyimbo Mbili za Bi Sihaba

Hapo zamani, si zamani sana, maana mimi mwenyewe nimechoka na safari ndefu, palikuwa na DJ mmoja Morogoro, Mzee Kobelo. Alipiga muziki kwenye harusi miaka thelathini mpaka masikio yakafa, la kushoto kwanza, la kulia likafuata. Alikuwa na mashine moja ya kuchanganyia nyimbo na wanafunzi watatu: Mwantumu, Mkude na Sikudhani.

Akawaambia, "Wanangu, nimechoka. Jumamosi tuna harusi. Bi Sihaba, bibi yake bi harusi, ametoka kuugua. Atacheza mara moja tu, kutoka kitini hadi kwa mjukuu wake. Ataanza na rumba la zamani, atamalizia na wimbo wa siku hizi. Akikatishwa akakaa, hanyanyuki tena. Atakayemfikisha, mashine ni yake."

Sasa, rumba lile lilirekodiwa kwa sauti ndogo, na wimbo mpya ulirekodiwa kwa makelele. Kazi ilikuwa kulinganisha sauti, basi. Basi! Aliyewahi kujaribu anajua.

Wiki nzima Mwantumu alijifungia ukumbini na mashine, anasikiliza, anarudia, anasikiliza. Akabandika plasta kando ya vitufe na kuandika viwango vya sauti: rumba saba, mpya tatu. Mkude akasema, "Mimi nitasimama nyuma ya watu. Nikiinua mkono, pandisha." Sikudhani akaketi kwenye mashine.

Siku ikafika, saa tisa mchana. Rumba likaanza kwa saba. Lakini Mwantumu alipima ukumbi ukiwa mtupu, na watu mia tatu humeza sauti. Bi Sihaba akapiga hatua nne, akasimama. "Mmezima?" Mjukuu wake akaanza kulia. Mkude akainua mkono. Sikudhani akapandisha hadi tisa, na bibi akaendelea.

Ukaja wimbo mpya. Vigelegele vilimzidi Mkude masikioni, mkono wake ukabaki juu: pandisha! Sikudhani akautazama mkono, akaitazama plasta. Akaweka tatu. Nyimbo zikapokezana taratibu, na bibi hakujua kama wimbo umebadilika mpaka alipomkumbatia mjukuu wake. Nililia, sioni aibu kusema.

Jioni, wakikunja nyaya, ugomvi ukaanza.

"Ile tatu ni yangu," alisema Mwantumu. "Bila plasta, spika zingemkalisha bibi chini."

"Na saba yako je? Si ndiyo iliyomsimamisha?" alisema Mkude. "Mkono wangu ndio uliomwondoa pale."

Sikudhani akasema, "Dada, ningekufuata wewe tu, bibi angekaa. Kaka, ningekufuata wewe tu, angekaa vilevile. Mimi ndiye niliyechagua."

"Ulibahatisha!" wakasema wote wawili.

"Nilibahatisha," akakiri Sikudhani.

Wakamgeukia mzee. Alikuwa amekaa juu ya spika, mashine mapajani, macho yamemlegea kwa uchovu.

"Msinitazame mimi," akasema. "Sikusikia hata wimbo mmoja. Nilikuwa naangalia miguu ya bibi tu, ikisimama, ikienda."

Mpaka leo mashine iko mapajani mwake, na mzee wa watu anataka kwenda kulala. Haya, nyie wenye masikio mazima: ingekuwa ninyi, mngemkabidhi nani?