Kitanda cha Mzee Ngwali

Paukwa!

Pakawa!

Hebu itikieni vizuri, ugali mmekula wote. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa wakisema na watu wakiwasikiliza, alikuwako mjane mmoja, Bi Mize. Mumewe, Mzee Ngwali, alifariki akamwachia kuku na kitanda cha kamba. Kitanda akakiegemeza ukutani. Hakukilalia, wala hakumwazima mtu.

Kuku nao walizoea kutembea. Wakaingia shambani kwa jirani, Bi Mkasi, wakafukua kunde zake zote. Ukazuka ugomvi! Bi Mize akajenga ua wa fito, akawafungia humo. Nanyi mnawajua kuku. Walichakura, walichakura, walichakura, mpaka halikubaki hata jani moja.

Kuku mmoja, Kishingo, aliyekuwa na shingo isiyo na manyoya, akaimba:

"Bibi Mize, tupe majani,
Twayakumbuka ya zamani!"

Bi Mize akawatupia mchicha. Wakaukanyagakanyaga kwenye mavi yao, haukulika tena. Kishingo akaimba:

"Bibi Mize, tupe majani,
Twayakumbuka ya zamani!"

Bi Mize akapanda mchicha mle mle uani. Mbegu hazijaota, kuku wamekwisha kuzifukua. Viini vya mayai vikapauka, kisha mayai yenyewe yakakoma.

Bi Mkasi akachungulia. "Shoga, kuku asiyetaga ni kitoweo. Anza na huyo mwimbaji."

Bi Mize akanoa kisu. Akamkamata Kishingo huku moyo unamuuma, maana Mzee Ngwali ndiye aliyemlea kuku huyo tangu kifaranga. Kishingo akaimba kwa sauti ndogo:

"Bibi Mize, tupe majani,
Twayakumbuka ya zamani!"

"Ya zamani yapi, wewe?"

"Ya Mzee. Jioni alikuwa akikaa kitandani kwake hapa nje, akikuchambulia mchicha. Majani mengine akiyachomeka kwenye kamba. Sisi tuko uvunguni, twadonoa. Hakuna aliyeyakanyaga, hakuna aliyeyafukua."

Kisu kikamponyoka. Bi Mize akaiona ile jioni, akamsikia na mumewe akikohoa. Alimkumbuka, jamani, akalia mpaka kanga ikalowa.

Kisha akapanda mchicha tena mle uani, akakitoa kitanda nje. Matendegu yalikuwa marefu, kuku wangeingia uvunguni wakafukua. Akashika msumeno. Akakata tendegu la kwanza akalia, la pili akalia, la tatu akalia. La nne alilikata akicheka, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimkera Mzee kwa kelele usiku.

Akakilaza kitanda juu ya mbegu. Mchicha ukaota, ukapenya kati ya kamba. Kuku wakapanda juu wakala ncha, mizizi wasiifikie. Ukiliwa leo, kesho kutwa umechipua.

Asubuhi moja Bi Mize alimkuta Kishingo ametulia kitandani, pale kamba zilipolegea kwa kulaliwa na Mzee miaka yote. Kuku akainuka. Katika lile bonde la mgongo wa Mzee palikuwa na yai.

Bi Mize akalivunja kikaangoni. Kiini kilikuwa cha manjano kabisa, kama cha enzi zile.

"Ngwali," akasema, "kumbe bado unatulisha."

Hadithi yangu imeishia hapo, kitandani kwa Mzee. Nanyi nendeni kwenye vyenu.