Chapulanga Kwenye Chemchemi

Hapo zamani za kale, lakini si za kale sana, maana wanyama walikuwa wameshanunua simu, palikuwa na bonde lenye majirani wengi na chaja moja. Nyie mnaocheka huko nyuma chekeni mmalize, mimi nikishaanza sirudii.

Bondeni humo aliishi Mama Pimbi na mumewe na watoto wao, ndani ya mwanya wa jabali. Pimbi ni mnyama wa kimo cha paka aliyeshiba. Hana pembe, hana kucha za kumtisha mtu. Chini ya jabali lake ilitoka chemchemi. Mwaka huo jua lilikuwa limeukausha mto mpaka matope yakapasuka, na chemchemi ile ndiyo ikawa maji pekee yaliyobaki.

Majirani wote walikuwa kwenye kundi moja la simu, na admini wao alikuwa Mzee Nyati. Desturi ya kundi ilikuwa hivi: admini akishaweka dole kwenye ujumbe, jambo limepita. Hakuna kulirudisha, kwa sababu kila mtu ameshaliona. Hata dole likibonyezwa kwa bahati mbaya limepita. Ndivyo Kiboko alivyopata kuwa kocha wa mbio, na mpaka leo ndiye kocha.

Sasa huyu Mzee Nyati alikuwa na nguvu za kung'oa mti, ila alikuwa na kidonda chake. Ngiri alipofiwa na mama, Nyati aliandika kwenye kundi: "Ndugu Ngiri, nimedata na msiba wako." Alikuwa amewasikia vijana wakisema wamedata, akadhani ni neno la huzuni, kumbe ni la mtu aliyepagawa kwa raha. Vijana walicheka wiki nzima. Ngiri mwenyewe alicheka, naye ndiye mfiwa.

Tangu hapo Nyati akaapa kwamba hatachekwa tena. Likitajwa neno jipya lolote, yeye ndiye wa kwanza kusema analijua. Na admini akishalijua, nani atasimama aseme halijui? Fisi akawa analijua, Twiga akawa analijua. Maneno yakaota bondeni kama uyoga. Mtu wa kuchungulia simu ya mwenzake kwa juu akaitwa mnara. Mtu wa kusoma ujumbe na kunyamaza ikasemwa amekula buluu. Kesho yake yanakuja mengine, na hakuna hata mmoja anayeuliza.

Asubuhi moja simu zikalia, ting. Ilikuwa sauti ya Mzee Nyati.

"Majirani, habari za asubuhi. Kesho mimi na Fisi tunaizungushia chemchemi uzio wa miiba. Watakunywa wakubwa, kwa sababu wakubwa ndio wenye kiu kubwa. Wadogo watalamba umande. Mwenye neno aseme."

Mama Pimbi alisikiliza mara ya kwanza, akasikiliza tena. Kitinda mimba wake, Tunu, alikuwa amelala ubavuni pake na midomo imepasuka kwa ukavu. Na umande wenyewe wanaoambiwa walambe haukuwa umeonekana tangu masika.

"Andika kwamba tunapinga," alisema Baba Pimbi.

"Nikipinga atakuja kutukanyaga."

"Basi omba."

"Nikiomba watanicheka, halafu waje watukanyage."

Akakaa na simu mkononi. Alikuwa na hofu hasa. Kisha akaandika: "Shikamoo Mzee Nyati, shikamooni wakubwa wote. Wazo zuri. Ila wenye hadhi siku hizi chemchemi zao wanaziendesha kwa chapulanga. Nashauri na sisi tuende kwa chapulanga."

Akatuma. Fyuu, ujumbe ukaenda.

Baba Pimbi akausoma. "Chapulanga ndiyo nini?"

"Sijui bado."

"Hujui?"

"Nimelitunga sasa hivi."

Wakangoja. Simu kimya. Baba Pimbi akaanza kufungasha vyombo, sufuria kwanza, kwa sababu aliona wazi kwamba wamekwisha.

Ting. Mzee Nyati alikuwa ameweka dole. Halafu ikafuata sauti yake, nzito na ya kujiamini: "Hilo nilikuwa nalisema mimi mwenyewe. Chapulanga, naam. Sisi kwetu tumeikuta kwa babu zetu."

Ting. Fisi: "Mimi pasipo na chapulanga maji hayapiti kooni."

Ting. Twiga: "Wengine chapulanga tuliizoea mpaka ikatuchosha. Lakini sawa, kwa faida ya wenzetu."

Baba Pimbi akarudisha sufuria mahali pake.

Mchana Fisi alipita jabalini, eti anatafuta kamba yake iliyopotea. Alizunguka, akainua jiwe, akalirudisha.

"Mama Pimbi, hii chapulanga ya kesho," akasema huku akiangalia pembeni, "ni ile ya zamani au ile mpya?"

"Mpya, kaka Fisi."

"Afadhali. Ile ya zamani ilikuwa inanisumbua mgongo."

Akaondoka bila kamba.

Kulipokucha wote walikusanyika kwenye chemchemi. Nyati alikuja na mzigo wa miiba mabegani. Fisi alikuja na panga. Twiga alikuja akiwa amejipaka mafuta. Wadogo walisimama mbali: sungura, kanga, panya buku, na Mama Pimbi na watoto wake. Watu wakawa wanatazamana. Nyati alimtazama Fisi aone ataanza vipi, Fisi akamtazama Twiga, Twiga akatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Ndipo akafika Kobe. Zamu yake ya chaja ilikuwa haijafika, kwa hiyo hakuwa na habari yoyote.

"Jamani, kuna nini hapa?"

"Tunaanza chapulanga," alisema Nyati.

"Chapulanga ni nini?"

Mama Pimbi akajua kwamba kama kuna siku ya kuumbuka ni ile.

Fisi ndiye aliyeanza kucheka. Twiga akamfuata. "Maskini Kobe," alisema Twiga. "Chapulanga nayo haijui. Wewe unaishi wapi?"

"Naishi hapo nyuma ya kichuguu," alijibu Kobe. "Ni nini lakini?"

Nyati akakohoa. "Tusimcheke, ndio jirani yetu huyu. Mama Pimbi, hebu mweleze. Sisi tutasikiliza tu kama unaeleza sawasawa."

Mama Pimbi akatoka mbele. Alimwangalia Tunu, akaiangalia miiba mabegani mwa Nyati, akavuta pumzi.

"Chapulanga," alisema, "ni kunywa kwa kuanzia mdogo. Aliye mdogo kuliko wote ndiye wa kwanza, halafu anayemfuatia, hivyo hivyo mpaka afike mkubwa. Uzio hakuna. Na yule mkubwa kabisa anasimama kando ya maji kulinda, watu wasisukumane, mpaka wote wameshiba. Ndipo naye anakunywa." Akamgeukia Nyati. "Nimekosea, Mzee?"

Koo la Nyati lilikuwa kavu kama koo la mtu mwingine yeyote pale. Aliyatazama maji, akawatazama majirani, akakumbuka msiba wa Ngiri. Ngiri mwenyewe alikuwa pale pale, simu mkononi, anamsubiri.

"Hujakosea," alisema taratibu. "Ila nadhani huyo mkubwa huwa anapewa kidogo kwanza. Cha kulainisha koo tu."

"Hiyo ni chapulanga ya zamani, Mzee. Wenye hadhi waliiacha."

"Najua," alisema Nyati. "Nilikuwa nakupima."

"Na miiba tunafanyaje?" aliuliza Fisi kwa sauti ndogo.

"Miiba ni ushamba," alisema Twiga haraka, asije akaulizwa yeye. Nyati akaitua miiba chini, puu.

Basi panya buku wakanywa. Watoto wa Pimbi wakanywa, Tunu akanywa mpaka tumbo likawa gumu, mama yake akamshika kichwa asizame huku machozi yanamtoka. Wakanywa kanga, wakanywa sungura. Kobe alichukua muda wake wote, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Mzee Nyati alisimama kando ya maji juani, ulimi umemtoka. Fisi alipojaribu kupenya kwapani mwake alimzuia kwa pembe.

"Rudi kwenye mstari, Fisi," alimwambia. "Watu watadhani hatujui chapulanga."

Na hivyo ndivyo wanavyokunywa bondeni kwa Mama Pimbi mpaka leo, na fundisho lake, watoto, ni fupi: neno usilolijua, uliza maana yake kabla hujaliwekea dole.