Majoho ya Wazee wa Karakhana

Enzi za Sultani Ghalibu bin Taimuri, aliyemiliki mji wa Kafuri na bandari zake zote, palikuwa na karakhana ya hariri ambayo mfano wake haukuonekana mashariki wala magharibi, na msimamizi wake alikuwa Jabiri, bingwa wa rangi na katili asiye na haya. Aliwatukana wafumaji na kuwapiga bakora, na hakuna aliyemgusa, kwa kuwa wazee watano wenye karakhana walinenepa kwa kazi yake.

Na wazee hao walikuwa na desturi: kila aliyeumizwa na Jabiri aliitwa barazani, akakaribishwa kwa heshima, akalishwa halua ya zafarani kwa mkono wa Sheikh Mundhiri, mkubwa wao, na aliyeila alihesabiwa ameapa kunyamaza maisha yake. Mji mzima ulijua, na mji mzima uliisifu hariri.

Siku moja Jabiri alimmwagia mfumaji Raya rangi ya moto mkononi kwa kosa la kukata uzi. Raya hakuweza kuinuka kitandani, basi akaitwa dada yake, Salha binti Fundo, mfumaji mwenziwe.

"Kula, mwanangu," akasema Sheikh Mundhiri kwa upole. "Jabiri ana hasira, lakini mkono wake una baraka. Yaliyopita si ndwele."

"Sheikh wangu, ndwele iko nyumbani, inalia," akajibu Salha.

"Basi chagua. Ama ule, ama wewe na nduguyo mtoke mjini kabla ya magharibi."

Salha akawaza, angekwenda wapi na mgonjwa? Lakini akaiweka sahani chini, akaingia karakhanani, akapaza sauti: "Jabiri amemchoma ndugu yangu, na wazee wanajua!"

Neno hilo halikuwahi kutamkwa humo. Lahaula! Pipa kubwa la rangi ya nili likapasuka, akatoka jini wa buluu, kichwa chake kikigusa boriti na ndevu zake zikichuruzika rangi, wafumaji wakaanguka kifudifudi kwa hofu.

"Ewe bibi," akanguruma, "nilifungwa humu kwa kimya cha watu hawa, na kila neno la wakubwa wao nimelifuma katika vitambaa vyao. Umenifungua. Niamuru."

"Ulichofuma, kiseme mbele ya Sultani," akasema Salha.

Kufumba na kufumbua wakawa kasrini mbele ya Sultani, na wazee na Jabiri wakajikuta wamepangwa humo na majoho yao ya hariri. Joho la Mundhiri likasema kwa sauti yake mwenyewe: "Mlisheni halua, soko lisisikie." La pili likasema: "Jabiri akiondoka, faida itamfuata." Na la Jabiri likalia kwa sauti za wote aliowapiga, kilio kikajaa ukumbi hata taa zikatikisika, na askari wakashika masikio.

Sultani akasimama kwa ghadhabu ili ahukumu. Ndipo joho lake mwenyewe, nalo la hariri ya karakhana ile ile, likanena, taratibu, kwa sauti yake: "Hayo nimeyasikia siku nyingi. Lakini tazameni linavyong'aa!"

Sultani akalivua joho, akabaki na kanzu iliyolowa jasho.

"Salha, anza na mimi. Nihukumu."

"Maulana, njoo kwanza umwone Raya."

Akaenda kwa miguu, akapiga magoti kando ya kitanda, akautazama mkono ule mpaka akalia. Jabiri na wazee wakatolewa mjini kabla ya magharibi, karakhana ikawa ya wafumaji, na Raya akaolewa na tabibu aliyemuuguza, ingawa vidole vyake havikunyooka tena. Ndiyo hekaya yenyewe, enyi mliosikia: anayeijua dhuluma akainyamazia kwa kuwa inampendeza, bakora ameishika na yeye.