Kihenge Kilichonyamaza

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo. Alikuwepo mama mmoja, mjane mwenye watoto wanne, ambaye mwaka mmoja shamba lilimpa mahindi mengi kuliko miaka yote. Aliyaanika, akayapepeta, akayachanganya vizuri na dawa ya wadudu, akajaza kihenge chake kilichosukwa kwa fito. Mdomo wa kihenge akaukandika kwa udongo. Hayo yalikuwa ya miezi ya njaa. Kisha akapiga magoti akashukuru. Kazi nzuri, sivyo? Nani angemlaumu?

Sasa, kijijini pale kila mwezi akina mama hutoa mahindi yote nje, huyaanika upya, huyachekecha na kuwatoa dumuzi, wale wadudu wanaotoboa punje. Inachosha. Tena ina aibu, maana kila mpita njia anaona yako yameingiliwa.

Siku moja jirani yake akapaza sauti kutoka uani kwake. "Mama Tumpe! Jua zuri leo, hutoi?"

"Nitoe nini, dada? Yangu niliyatia dawa."

"Kwani mimi sikutia? Hebu tazama hawa!" Akanyoosha kiganja kilichojaa wadudu.

"Basi wewe uliuziwa majivu," akasema, wakacheka wote wawili.

Lakini Mama Tumpe alipofagia chini ya kihenge chake akakuta unga mweupe. Akatega sikio. Kr, kr, kr. Dumuzi. Nikifungua leo, akawaza, yule atanicheka mwaka mzima. Nitafungua mwezi ujao. Akaufagia ule unga. Kesho yake akafagia tena. Mwezi ujao ukafika, ukapita. Sauti ilipozidi, akaanza kuimba nyimbo za kanisani huku anafagia, ili asiisikie.

Asubuhi moja kukawa kimya. Akabandika sikio: kimya kabisa. Akakimbilia kwa jirani. "Dada, wamekufa! Dawa imewamaliza!"

Jirani hakucheka. "Umefungua ukaona?"

"Nifungue ya nini, na wamenyamaza?"

"Mama Tumpe, nenda kafungue."

Akaubomoa ule udongo, akatumbukiza mkono. Mkono ukazama mpaka kwapani, ndani ya unga mchungu na maganda matupu. Akapapasa huku na huku. Hakupata hata punje moja nzima. Dumuzi walinyamaza kwa sababu hapakubaki cha kutafuna. Na mahindi mapya shambani yalikuwa bado hayajafika magotini.

Je, sisi? Tulitubu siku ile, tukalia hapa mbele, tukabatizwa. Machozi yale yalikuwa ya kweli, siyadharau. Lakini ni lini tena tumeutoa moyo nje, mbele za Mungu, tukauchambua? Tunafagia tu. Uongo mdogo, fagia. Kinyongo na ndugu, fagia. Halafu tunaimba kwa nguvu. Nami nimefagia, wapendwa, miaka mingi.

Sina faraja nyepesi ya kuwapa leo. Kama kuna kitu kinakutafuna moyoni asubuhi hii, usiogope, kafungue. Bado kuna punje humo. Mimi ninamlilia yule aliyekaa hapa kwa utulivu, ambaye siku nyingi sasa hasikii chochote, naye anamshukuru Mungu kwamba amepona.